Deni la Kivuko

Katika maneno ambayo sisi wenyeji wa Mvita, yaani Mombasa, tumeyarithi kwa wazee wetu na tukayatumia kila siku pasi na kuyazingatia, liko hili la kuvuka, ambalo kwa mtu wa bara ni neno la mto na barabara, lakini kwetu ni neno la maisha yenyewe: twavuka kwenda kazini, twavuka kwenda kuposa, twavuka kwenda kuzika, na mgonjwa akizidiwa usiku wa manane huko Likoni au Mtongwe, swali la kwanza waliulizalo jamaa zake si tabibu yuko wapi, bali ni feri iko upande gani. Kisiwa hiki kimezungukwa na maji ya Tudor na ya Bandari ya Kale upande mmoja, na ya Kilindini upande wa pili, na atakaye kutoka kwa kawaida hupita katika mmojawapo wa milango mitatu mikuu, Makupa, Nyali au Likoni, na kila mlango kati ya hiyo una hikaya yake ya nani aliujenga, nani alilipa, na nani alisamehewa kulipa.

Ni hikaya hizo zilizonirudia akilini katika majuma haya ambayo nimekuwa nikipita Kibokoni, Kuze, Makadara, Marikiti na hata ndani ya feri yenyewe, nikiwasikiliza watu wakizungumza juu ya usafiri wa mji wetu na juu ya lile suala liibukalo kila itajwapo barabara mpya, daraja jipya au kivuko kipya, yaani: je, mwananchi yu tayari kutoa cha mfukoni mwake ili mambo yatengenee? Nilitaraji kusikia malalamiko, nayo nikayasikia tele. Nisilolitaraji ni kukuta kwamba watu wengi, na hasa wale wasio na kitu, hawaanzi kwa kukataa kulipa, bali huanza kwa kuhesabu walichokwisha kulipa, na hesabu yao huwa ndefu, nao huijua kwa ghaibu kama mtoto wa chuoni aijuavyo Juzuu Amma.

Tuanze mbali kidogo. Wazee waliotutangulia walisimulia juu ya troli, vile vigari vilivyopita juu ya reli nyembamba kati ya mji huu wa kale na Kilindini, vikisukumwa na watu kwa nyuma huku abiria ameketi chini ya kitambaa cha kumkinga na jua. Reli zake zilikuwa masalio ya njia ambayo Kampuni ya Kifalme ya Uingereza ya Afrika Mashariki iliianza mwaka 1890 kwa azma ya kufika ziwa Nyanza, ikaiacha baada ya maili chache tu, na chuma kilichokosa kwenda bara kikatandazwa kisiwani. Maofisa walikuwa na troli zao wenyewe, wenye uwezo walikodi, na msukumaji alikwenda mbio kwa miguu yake. Nalitaja jambo hili si kwa kutamani ya zamani, bali kwa kuwa huo ndio usafiri wa magurudumu uliotangulia motokaa katika mji huu, na mpaka leo mwenyeji akiambiwa kwamba mradi fulani ni wa manufaa ya wote, hutazama kwanza nani ameketi na nani anasukuma.

Motokaa zilipozidi, troli zikafa, na maji yakawa ndiyo kizuizi. Tuta la Makupa lilikamilika mwaka 1929, likaunganisha kisiwa na bara kwa udongo na mawe. Mwaka 1931 likafunguliwa daraja la Nyali, nalo lilikuwa daraja la kuelea, limekaa juu ya maboya makubwa, likipanda na maji kujaa na kushuka na maji kupwa, na kila apitaye na chombo chake alilipa ushuru. Baada ya nusu karne ya kupanda na kushuka, mahali pake pakaja daraja la saruji tulijualo leo, lililojengwa na Wajapani na kufunguliwa mwaka 1980, ambalo mtu wa Kisauni, wa Kongowea na wa Bamburi hulipita usiku na mchana bila ya kutoa hata senti. Kule mbele zaidi, Kilifi, watu walikuwa wakivushwa kwa feri hadi mwaka 1991, lilipofunguliwa daraja jingine, na tangu hapo feri ya Kilifi imekuwa kumbukumbu. Hata Makupa nayo, ambako lile tuta lilikuwa limeuziba mkono wa bahari kwa zaidi ya miaka 90, imepata daraja mwaka 2022, na maji yakarudi kupita chini yake.

Kusini kukabakia chombo.

Hilo ndilo jambo ambalo watu wa Likoni huliweka mbele ya kila mazungumzo, nami sioni namna ya kuwapinga. Feri ya Likoni imekuwa ikivusha watu tangu miaka ya 1930. Kwa muda mrefu iliendeshwa na kampuni ya mabasi, Kenya Bus, mpaka lilipoundwa shirika la feri mwaka 1989, na tangu mwaka 2021 imo chini ya Halmashauri ya Bandari. Hukadiriwa kwamba watu wapatao 300,000 na magari yapatayo 6,000 huvuka hapo kwa siku moja. Magari hulipa, aendaye kwa miguu halipi kitu. Na humo katika huko kutolipa kwa mwenda kwa miguu ndimo ulimo moyo wa ubishi wote.

Wako wasemao, na nimewasikia miongoni mwa wafanyabiashara wa kisiwani na madereva wanaokaa saa nzima wakingoja zamu, kwamba ubure huo ndio asili ya taabu. Hoja yao si ya kipuuzi. Husema: chukua hao watu 300,000, mtoze kila mmoja shilingi 10, utapata shilingi milioni tatu kwa siku, na kwa mwaka zaidi ya bilioni moja, na fedha hizo zaweza kununua chombo kipya, kutengeneza vile vilivyochakaa, na kuwalipa mabaharia pasi na kunyoosha mkono kwa Hazina. Husema tena kwamba kitu kisicho na bei hakina mwenye kukilinda, na kwamba abiria asiyelipa hana mahali pa kusimama akidai haki yake chombo kinapozimika katikati ya mkondo wa Kilindini huku meli ya mizigo inakaribia.

Nimeipima hoja hii kwa muda, na nikamwendea yule anayekusudiwa kutozwa. Kibarua avukaye asubuhi na kurudi jioni kwa siku 26 za mwezi angetoa shilingi 520; na nyumba yenye watu watatu wa namna hiyo, mmoja hamali wa Marikiti, wa pili mshoni, wa tatu mwanafunzi, ingetoa zaidi ya 1,500, nayo ni fedha ya unga. Tena jambo la pili, ambalo wenye hoja hawalitaji: ili kuwatoza shilingi hizo maelfu kwa maelfu ya watu asubuhi moja, hata kwa simu, ni lazima wapitishwe katika vilango vyembamba, na anayekijua kile kimteremko cha Likoni saa kumi na mbili na nusu, jinsi watu wanavyojaa bega kwa bega wakingoja geti lifunguliwe, anajua kwamba kizuizi kimoja zaidi chaweza kuwa balaa. Mji huu hauhitaji kukumbushwa msongamano juu ya maji ni nini. Tarehe 29 Aprili 1994 chombo cha Mtongwe kilipinduka kikiwa kimebeba watu kupita kipimo chake, na roho 272 zikapotea. Na tarehe 29 Septemba 2019, gari moja likateleza kutoka nyuma ya feri likazama na waliokuwamo, mama na binti yake, na zikapita siku zisizopungua kumi kabla ya kuopolewa, huku mji mzima umesimama ufuoni ukitazama.

Lakini hata tukiyaweka kando hayo ya unga na ya usalama, liko jambo lililo kubwa zaidi, nalo ndilo lililonifanya niandike. Kuvuka bure kwa mwenda kwa miguu pale Likoni si hisani wala si sadaka ya serikali kwa maskini. Ni badala ya daraja. Kaskazini ilijengewa, kusini haikujengewa, na mtu wa kusini akaambiwa, si kwa maneno bali kwa vitendo vya miaka mingi, kwamba maadamu hatukukupa njia, basi hatutakutoza kwa kukosa njia. Hilo ni deni, nalo lingali halijalipwa, na mdai hatozwi ada kwa sababu ya kungoja haki yake.

Na kwa kweli mtu huyo hulipa, ila malipo yake hayaandikwi popote. Mkaazi wa Kisauni hupanda matatu moja, hulala usingizi kidogo darajani, akashuka mjini kwa nauli moja. Mkaazi wa Likoni hupanda matatu hadi kivukoni, akashuka, akatembea, akangoja, akavuka, akapanda kile kimlima upande wa pili, kisha akatafuta matatu nyingine au tuktuk ya kumfikisha Posta, Mwembe Tayari au hospitalini. Nauli mbili kwa safari isiyozidi maili chache. Mvua ikinyesha, manamba hupandisha bei upande wa huku na upande wa huko. Bibi mwenye magoti mabovu hulipa na tuktuk ya tatu baina yake. Nimekaa na watu waliozijumlisha nauli hizi kwa mwezi, na wakaniuliza kwa insafu kamili: je, huo si ushuru wa daraja lisilokuwapo?

Haikosekani kwamba jitihada zimefanyika. Mwishoni mwa mwaka 2020, pale ugonjwa wa korona ulipowatia watu hofu ya kubanana ndani ya feri, lilifunguliwa daraja la kuelea la Liwatoni, lenye urefu wa zaidi ya mita 800, kwa ajili ya waendao kwa miguu peke yao, likafunguka katikati kuipisha meli. Wengi waliliona kama kwamba Nyali ya mwaka 1931 imerudi upande wa kusini. Lakini wazee walilalamika kwamba ni refu na jua ni kali, na meli ilipopita, aliyekuwa na haraka hakuwa na la kufanya. Kulitangazwa pia mradi wa magari ya kamba, ya kupita angani juu ya mkondo kwa nauli, na hadi leo anga hiyo haina kamba. Njia ya Dongo Kundu, iliyokamilika mwaka 2024, ni kazi kubwa na ya kusifiwa, kwani lori la kwenda Lunga Lunga na mgeni wa hoteli za Diani sasa wanaweza kulizunguka jiji pasi na kuligusa. Walakini kwa mama auzaye mchicha Marikiti, ambaye nyumba yake iko mtaani Likoni na biashara yake iko kisiwani, barabara inayokikwepa kisiwa haimfikishi popote. Na lile daraja kubwa lenyewe, refu kwenda juu kiasi cha kuipitisha meli chini yake, ambalo fedha zake ni za mkopo wa Wajapani, limekwisha kuchorwa, kupimwa na kuahidiwa mara nyingi hata watoto waliozaliwa siku ya ahadi ya kwanza sasa wanajivukia wenyewe.

Tusidhani kwamba kila mahali hukata shauri kama sisi. Jirani zetu wa Dar es Salaam, ambao bandari yao nayo imekatwa na mkondo wa maji, humtoza mwenda kwa miguu nauli ndogo katika kivuko cha Magogoni na Kigamboni, na hawakuona ajabu. Tena walijenga Daraja la Nyerere, lililofunguliwa mwaka 2016, kwa fedha zilizotoka kwa sehemu kubwa katika Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii, yaani akiba ya wafanyakazi, na vyombo vikawa vinatozwa ili akiba ile irudi. Watu wa Kigamboni walinung'unika kwa miaka, na mwaka 2022 tozo zikapunguzwa. Nimeutaja mfano huu kwa kuwa una somo la namna mbili: kwanza, kwamba mtu hukubali kulipia daraja analoliona kwa macho yake, hata kama atanung'unika juu ya kiasi, na pili, kwamba alipolipa alijua fedha inakwenda wapi, nayo ni kurudisha akiba ya mfanyakazi mwenziwe. Kwetu sisi mambo yamegeuzwa: twaombwa ada kwanza, ndipo tungoje kitu.

Na ziko ada ambazo hatukuombwa hata kidogo. Mwezi Juni 2024, katika ule Mswada wa Fedha uliozusha maandamano nchi nzima, Mombasa nayo ikiwamo, kulikuwa na pendekezo la kumtoza mwenye gari asilimia 2.5 ya thamani ya gari lake kila mwaka. Pendekezo hilo likaondolewa, na mswada wenyewe ukaanguka. Lakini Julai haikuisha kabla ya tozo ya matengenezo ya barabara, ile iliyomo ndani ya bei ya mafuta, kupandishwa kutoka shilingi 18 hadi shilingi 25 kwa kila lita. Tofauti ya shilingi saba yaonekana ndogo kwa aliye na motokaa moja, ambaye angalau hujua kwamba amelipa; bali huyo mwenda kwa miguu, ambaye hana gari wala hatarajii kulipata, naye pia huilipa, kwani matatu yake yanywa dizeli, na tuktuk yake yanywa petroli, na hata samaki na nazi yake vimeletwa kwa lori. Kisha magavana na wabunge wakapelekana mahakamani kwa ajili ya shilingi bilioni 10.5 za tozo hiyo, kila upande ukidai kwamba barabara za mashinani ni zake kuzitengeneza. Kadhalika na reli: tangu mwaka 2013 bidhaa ziingiazo nchini zimekuwa zikitozwa ada ya ujenzi wa reli, iliyoanza kwa asilimia 1.5, na bidhaa hizo huingia kwa mlango wetu sisi. Na reli ilipofunguliwa mwaka 2017, kituo chake kikawekwa Miritini, bara, ili msafiri ashukaye hapo alipe nauli nyingine kufika kisiwani.

Hapo ndipo mazungumzo ya baraza yoyote ya Mvita yanapoelekea bandarini, na sidhani kwamba ni kosa. Kilindini ni mlango wa Kenya, na wa Uganda, na wa Rwanda, na wa mashariki ya Kongo. Shehena inayoshuka hapo huzivunja barabara zetu kabla ya kufika kwa wenyewe. Malori husimama Changamwe, Jomvu na Kibarani kwa foleni zisizokwisha. Na tangu serikali iliporudisha shughuli za kutoa mizigo Mombasa mwezi Septemba 2022, kwani kabla ya hapo makasha yalilazimishwa kupelekwa bara kwa reli, vijana wengi walipata kazi, alhamdulillahi, lakini barabara nazo zikarudi kubeba mzigo wake. Ushuru wa forodha huenda Hazina kuu. Wenyeji husema, nami naungana nao, kwamba kabla ya kumtazama hamali mwenye shilingi 10, itazamwe kwanza meli. Sehemu ndogo ya ushuru huo, hata kama ni shilingi chache sana kwa kila kasha, ikiwekwa kando kwa sheria kwa ajili ya kivuko na barabara za mji unaoubeba mzigo huo, ingetosha kuuondoa ubishi wa mwenda kwa miguu. Na maadamu feri sasa iko chini ya Halmashauri ya Bandari, hata njia ya fedha imekwisha kufupishwa: mwenye meli na mwenye feri wamekuwa nyumba moja.

Liko na jambo la sheria ambalo nastaajabu halisemwi kwa sauti. Katiba ya mwaka 2010, katika Jedwali lake la Nne, imezitaja feri na bandari, isipokuwa yale yahusuyo usimamizi wa meli za kitaifa na kimataifa, miongoni mwa kazi za serikali za kaunti. Miaka imepita, na feri ya Likoni haijawahi kuwa mikononi mwa kaunti hata siku moja. Sisemi kwamba kaunti ingeiendesha vyema zaidi. Huenda ingeiendesha vibaya. Nasema kwamba mwananchi ana haki ya kujua ni nani wa kumshika mkono anapodai, kwani leo akienda kaunti huelekezwa bandarini, na bandarini huelekezwa wizarani, na wizara iko Nairobi.

Nikirudi ndani ya Mji wa Kale, mambo hubadilika sura, na hapa nakiri kwamba wenyeji hawana kauli moja, wala mimi sina hakika ya kila nitakalolisema. Ndia Kuu ilikatwa kwa upana wa watu, wa punda na wa mikokoteni. Leo hupitiwa na tuktuk, bodaboda, magari ya watalii wanaotoka Ngome ya Yesu, na malori yashukayo Bandari ya Kale ambako majahazi yangali yakifunga gati. Nyumba za hapa ni za mawe ya matumbawe na chokaa, roshani zake za mbao zimetokeza juu ya njia, na ijapokuwa eneo hili liliwekwa chini ya ulinzi wa sheria ya hifadhi tangu mwaka 1990, sheria haizuii ukuta kutikisika lori linapopita. Nimeingia nyumba ambamo vikombe kabatini hulia kwa mtetemo saa sita za usiku.

Wako watakao Ndia Kuu ifungwe kwa magari kabisa. Wenye maduka ya vinyago na manukato hukataa, wakihofu kwamba mgeni hatatembea. Wenye wazee majumbani hukataa kwa sababu nyingine, nayo nimeiona ni nzito zaidi: mgonjwa hawezi kuchukuliwa kwa mkokoteni hadi Makadara ndipo apate gari, na jeneza nalo lina haraka yake. Mahamali wa mikokoteni, ambao ndio wabebao maji, saruji, magunia na samani katika vichochoro visivyopitika na kitu kingine chochote, hawaulizwi kabisa katika mijadala hii, ilhali wao ndio usafiri wa Mji wa Kale kwa maana yake halisi, na panapotandazwa matofali mapya ya njia, wao ndio wa kwanza kujua mahali yalipozama. Rai yangu ni kwamba malori ya bandarini yawekewe saa zake, tuktuk ziachwe, na asiye mkaazi aegeshaye gari lake mchana kutwa chini ya roshani ya mtu alipe, tena alipe vizuri. Na mimi mwenyewe ni miongoni mwa waegeshao.

Lakini alipe kwa nani? Hapa nilisikia fikra ambayo sikuwahi kuiona katika waraka wowote wa wataalamu, nayo ilitoka kwa wazee wa barazani, na asili yake ni wakfu. Mji huu ulijengwa kwa wakfu. Kisima kilichimbwa na mtu akakiweka wakfu, na akataja sharti: maji ni ya wapitao, na kodi ya duka fulani ni ya kununulia kamba na ndoo. Mutawalli, yaani msimamizi wa wakfu, hakuwa na ruhusa ya kuitoa kodi ile kwenda kupaka rangi msikiti, seuze kwenda kununua kitu chake. Na alipofanya hivyo, kadhi aliweza kumwita na kumtaka hisabu. Wazee hawa hawadai kwamba ada ya kuegesha gari igeuzwe wakfu wa kisharia. Wanachosema ni kwamba fedha iliyotolewa kwa ajili ya njia ya Kibokoni na itengeneze njia ya Kibokoni, na sharti lake liandikwe mahali linaposomeka, na msimamizi asimame mara moja kwa mwaka mbele ya watu kusema alichopokea na alichotumia. Kwa sharti hilo, niliambiwa na zaidi ya mmoja, wangekubali kulipa hata wasio na magari. Hili ndilo jibu la karibu kabisa nililolipata kwa lile suala nililotoka nalo nyumbani.

Nilipata kuhudhuria, si zamani sana, kikao cha kukusanya maoni ya umma kilichoitishwa na ofisi moja mintarafu ya mipango ya barabara na ada zake. Katiba, katika Ibara ya 201, imeutaja ushirikishwaji wa umma kuwa ni nguzo ya mambo ya fedha, na katika Ibara ya 7 imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi. Waraka tuliogawiwa ulikuwa wa Kiingereza, kurasa nyingi, na ulifika mikononi mwetu pale pale mlangoni. Tangazo lake lilikuwa limetoka gazetini, na jirani zangu watatu niliowauliza hawakuwa wamelisikia. Niliketi nikiwaza kwamba mji ni huu huu ambamo Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui alitoa gazeti la Sahifa mwaka 1930, na Al-Islah mwaka 1932, akiyajadili mambo ya jamii kwa Kiswahili kilichofahamika na mwenye duka na mwenye chombo, na watu wakasoma, wakapinga, wakajibu. Haiwi kwamba watu wa mji wa namna hiyo hawawezi kufahamu hesabu ya barabara.

Kikao kilipokaribia kufungwa, alisimama mama mmoja mvaa buibui kutoka ng'ambo ya Likoni, ambaye alikuwa amekaa kimya tangu asubuhi na mfuko wake mapajani. Hakuuliza juu ya ada. Aliuliza iwapo daraja hilo kubwa linalosemwa, siku litakapojengwa, litakuwa na mahali pa kupita mtu kwa miguu, au litakuwa la magari peke yake. Na kama ni la magari peke yake, je, feri itaachwa ikifanya kazi, au ndiyo itakuwa imekwisha? Waliokaa mbele walitazamana. Akajibiwa kwa adabu kwamba swali lake limeandikwa. Akashukuru, akauchukua mfuko wake, akashika njia ya kivukoni, kwani ilikuwa imekwisha kuwa saa kumi na moja, na alikuwa bado na nauli mbili mbele yake.